Neno Moja, Michezo Minne

(Mazungumzo ya redio. Somo: Zekaria 8:1-8)

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo si mara nyingi husikika mimbarani. Nataka tuzungumze juu ya mchezo.

Najua wako watakaoshangaa. Watasema, "Tumefungua redio tusikie neno la kujenga roho, naye aja na habari za mpira!" Lakini ngojeni kidogo. Mwili huu tulio nao hatukuununua sokoni. Tulipewa. Na mtu aliyepewa kitu cha thamani hana budi kuulizwa siku moja jinsi alivyokitunza.

Shida yetu ya kwanza ni ya lugha. Katika Kiswahili chetu neno hili moja, mchezo, hubeba mizigo mingi. Mtoto akijenga nyumba ya mchanga, twasema anacheza. Wazee wawili wakikaa chini ya mwembe na bao lao, nao wanacheza. Wanafunzi wakiruka na kujinyoosha mbele ya mwalimu wao, twasema wako katika kipindi cha michezo. Timu ya taifa ikiingia uwanjani mbele ya maelfu ya watu, nayo inacheza. Tena mtu akifanya kazi ovyo ovyo, twamkemea, "Usilete mchezo hapa!" Wahenga nao walisema kwamba kazi mbaya si mchezo mwema.

Basi si ajabu kwamba baadhi yetu tumekua tukiamini kuwa mchezo ni ndugu wa uvivu, na wengine wanaishi kana kwamba hakuna kitu kingine duniani ila mchezo. Wote wawili wamekosea, na sababu ni moja. Wameita kwa jina moja mambo manne yaliyo mbalimbali. Mambo hayo ni kucheza, kujiburudisha, mazoezi ya viungo, na mashindano. Ni ya ukoo mmoja, lakini kila moja lina kazi yake. Ukilipa moja kazi ya mwenziwe, utamwumiza mtu, na mara nyingi atakayeumia ni mtoto.

Mtoto anapocheza

Tuanze na kucheza. Watazameni watoto wa mtaani jioni. Hawa wanacheza kati, wale brikicho. Kule pwani wengine wanacheza kibe na mdako. Wasichana wanaruka kamba. Wadogo zaidi wako nyuma ya nyumba na kalongolongo yao, mmoja ni baba, mmoja ni mama, na chakula ni majani na udongo. Wavulana wamefunga matambara kwa kamba, wakapata mpira.

Ni nani aliyewatuma? Hakuna. Watapewa zawadi gani? Hakuna. Refa wao ni nani? Ni wao wenyewe. Hiyo ndiyo alama ya kucheza kwa kweli: mtoto hucheza kwa sababu kucheza kwenyewe ni kuzuri, na akichoka huacha.

Lakini tusidhani kwamba kwa kuwa hakuna zawadi, basi hakuna faida. Mtoto mwenye kucheza na wenzake anajifunza kupatana juu ya sheria. Anajifunza kungoja zamu yake. Anajua kwamba akidanganya, kesho hataitwa. Anagombana saa nne na saa tano wamepatana, wala hapakuitwa mzee wa kuamua. Ni watu wazima wangapi katika makutano yetu wanaoweza kugombana na kupatana kwa haraka kama hiyo?

Nabii Zekaria alipoonyeshwa mji wa Yerusalemu utakavyokuwa baada ya taabu zake, hakuonyeshwa majeshi. Alionyeshwa wazee walioketi na fimbo zao kwa sababu ya umri mwingi, na njia za mji zimejaa wavulana na wasichana wakicheza. Ndugu zangu, hebu tulifikirie jambo hilo. Dalili ya mji uliopona ni watoto wanaocheza nje bila hofu. Hata mataifa ya ulimwengu yalifika hapo. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, unataja katika kifungu cha 31 haki ya mtoto ya kupumzika na kucheza.

Nasi twafanyaje? Mtoto hutoka shuleni jioni akaingia katika masomo ya ziada. Jumamosi ni masomo tena. Na kama ni msichana, kaka yake akitumwa mara moja, yeye hutumwa mara tano: kisimani, sokoni, jikoni, kwa mtoto mchanga. Kazi za nyumbani ni njema, na mtoto asiyefunzwa kazi ameibiwa. Lakini mtoto asiyepewa hata saa moja ya kucheza naye ameibiwa, na kitu hicho hakirudishwi akiwa mtu mzima.

Mtu mzima anapojiburudisha

Jambo la pili ni kujiburudisha. Hili ni la mtu aliyekwisha kufanya kazi. Ameshinda shambani, au kiwandani, au nyuma ya mashine ya kushona. Mkono umechoka, na akili imechoka zaidi. Mwindaji akirudi nyumbani hulegeza upinde wake, maana akiuacha umevutwa usiku kucha, siku ya kuwinda hautamfaa. Bwana wetu alipoona mitume wake wamerudi kutoka kazini, na watu wamewazunguka hata hawapati nafasi ya kula, aliwaita waende mahali pa faragha wapumzike. Habari hiyo mtaipata katika Marko sura ya 6.

Kujiburudisha kwaweza kuwa bao, au kutembea jioni na mama watoto, au kuimba katika kwaya, au kurushiana mpira na vijana wa kanisa. Kipimo chake ni kimoja. Jiulize, "Nikimaliza, je, narudi nyumbani na kazini nikiwa mtu mpya?" Kama warudi umeburudika, na una upole kwa watu wako, hiyo ni burudani. Kama warudi na mfuko mtupu, kichwa kinauma na watoto wanajificha, hiyo siyo burudani hata kama wote waliokuwa kilabuni walicheka.

Na hapa sina budi kusema neno juu ya kamari ya mpira, ambayo siku hizi imeingia katika simu zetu. Kijana ameketi, hakupiga mpira hata mara moja, hakukimbia hata hatua moja, lakini amepoteza karo ya mdogo wake kwa sababu timu ya Ulaya ilifungwa bao dakika ya mwisho. Huyo hakucheza, wala hakujiburudisha, wala hakufanya mazoezi, wala hakushindana. Ameitwa mchezoni, naye kumbe ndiye anayechezewa.

Mwalimu anapofunza viungo

Jambo la tatu ni mazoezi ya viungo, yaani lile somo la shuleni. Hili lina mwalimu, lina mpango, na lina shabaha. Mwalimu hataki kujua ni nani wa kwanza. Anataka kila mtoto ajue kutumia mwili wake: kukimbia, kuruka, kurusha, kudaka, kusimama wima na kupumua vizuri. Kwa hivyo somo hili ni la wote. Ni la yule mnene, ni la yule mwembamba, ni la mwenye mguu dhaifu, na ni la msichana mwenye haya. Pengine hao ndio wanaolihitaji zaidi, maana yule mwenye mbio atakimbia hata asipofundishwa.

Shirika la Afya Duniani, katika mashauri yake ya mwaka 2020, linasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji kwa wastani dakika 60 kwa siku za mwendo wa kutosha kumpandisha pumzi, na mtu mzima anahitaji angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani, kama vile kutembea kwa haraka. Faida yake twaijua. Moyo hupata nguvu, mifupa hukomaa, usingizi huwa mzuri, na magonjwa kama kisukari na shinikizo la damu hupunguziwa njia ya kuingia.

Lakini wengi waliopitia mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, wanakumbuka jambo moja. Kipindi cha mazoezi ya viungo kiliandikwa katika ratiba, nacho kikaliwa na hesabu. Kwa nini? Kwa sababu katika mtihani wa darasa la nane hakikutahiniwa. Tulifundisha watoto wetu, bila kusema neno, kwamba kisichotiwa alama hakina maana. Wazazi wengi walifurahi. Walidhani mtoto ameongezewa hesabu, wasione kwamba amepunguziwa mwili.

Wengine hulichukua lile neno la Paulo kwa Timotheo, waraka wa kwanza sura ya 4, kuwa ni silaha ya kupigia mazoezi. Lisomeni vizuri. Mtume anayalinganisha mazoezi ya mwili na utauwa, na bila shaka utauwa unashinda. Lakini hakusema mazoezi hayana faida. Alisema faida yake ni kidogo. Basi kidogo hicho nacho tusikitupe.

Mshindani anapoingia uwanjani

Jambo la nne ni mashindano. Hapa pana sheria zilizoandikwa, pana refa, pana saa ya kupimia, pana mshindi na pana aliyeshindwa. Kenya twalijua jambo hili kuliko mataifa mengi. Tarehe 20 Oktoba mwaka 1968, huko Meksiko, Kipchoge Keino alishinda mbio za mita 1,500 kwa dakika 3 sekunde 34.9. Siku chache kabla alikuwa ameanguka katika mbio za mita 10,000 kwa maumivu ya nyongo. Huyu alikuwa polisi, tena mwalimu wa mazoezi ya viungo. Na baada ya nishani, yeye na mkewe wakawalea watoto yatima kule Eldoret.

Hiyo ndiyo faida ya mashindano yakifanywa sawasawa. Hufunza kujinyima. Hufunza kuamka alfajiri wengine wakiwa wamelala. Hufunza kutii sheria hata pale ambapo hakuna anayekuona. Na wahenga wetu waliongeza somo lililo kubwa zaidi waliposema kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Paulo mwenyewe, alipowaandikia Wakorintho, alikuta mfano mzuri kwa mkimbiaji anayejizuia katika mambo yote kwa ajili ya taji.

Lakini moto unaopika chakula ndio unaochoma nyumba. Mashindano yakipita mpaka, mtu hudanganya umri wake acheze na wadogo. Wengine humeza na kudungwa madawa ya kuongeza nguvu, hata ikabidi mwaka 2016 nchi yetu itunge sheria ya kuyapinga. Mashabiki hurushiana mawe. Na mzazi husimama kando ya uwanja akimtukana mtoto wa miaka tisa kwa kukosa bao. Huyo mzazi amechukua kitu kilichokuwa kucheza, akakigeuza mashindano kabla ya wakati wake. Mtoto wake ataiacha michezo mapema, naye baba atashangaa.

Ukoo mmoja

Sasa mtaniuliza, "Je, mambo haya manne yanapigana?" La. Yaweza kusaidiana, kila moja likikaa mahali pake. Nitawapa mfano wa kweli.

Mwaka 1891, huko Springfield katika Marekani, palikuwa na chuo cha Chama cha Vijana Wakristo, ndicho Y.M.C.A. Mwalimu mmoja kijana, James Naismith, mtu wa Kanada aliyekuwa amehitimu theolojia, alipewa darasa la vijana wakorofi. Ilikuwa majira ya baridi kali, nje hapachezeki, na mazoezi ya ndani yamewachosha. Akaambiwa abuni mchezo mpya katika wiki mbili. Naismith akakumbuka mchezo wa utotoni kwao, ambapo watoto walirusha mawe ili kuangusha jiwe lililowekwa juu ya mwamba. Aliyerusha kwa nguvu hakufaulu sana. Aliyerusha kwa upole, jiwe likapanda juu na kushuka, ndiye aliyefaulu. Basi akapigilia vikapu viwili vya matunda juu ukumbini, akaandika sheria 13, na mpira wa vikapu ukazaliwa.

Miaka minne baadaye, mwaka 1895, William Morgan wa chama hicho hicho katika mji wa jirani wa Holyoke aliona kwamba mchezo ule ulikuwa mzito mno kwa watu wa makamo waliotoka kazini. Akawatungia mchezo mwepesi wa kujiburudisha. Huo ndio mpira wa wavu.

Mwaona? Mchezo wa watoto ulizaa somo la viungo. Wenzake wa kazi hiyo hiyo wakazaa burudani ya watu wazima. Na mwishowe yote miwili ikawa mashindano ya ulimwengu: mpira wa vikapu uliingia Olimpiki mwaka 1936, na mpira wa wavu mwaka 1964. Wasichana wetu wa Kenya walifika Olimpiki kwa mpira wa wavu mara ya kwanza mwaka 2000, kule Sydney. Safari hiyo yote ilianza kwa watoto waliorusha mawe, ambao hakuna aliyewaambia, "Acheni mchezo, njooni mfanye jambo la maana."

Mtu aliyejua tofauti

Tena nataka mmjue mtu mwingine. Eric Liddell alizaliwa Uchina mwaka 1902, mwana wa wamisionari kutoka Scotland. Mwaka 1924 alikwenda Olimpiki ya Paris akiwa mkimbiaji hodari wa mita 100. Lakini mbio za mchujo zilikuwa siku ya Jumapili, naye akakataa kukimbia siku hiyo. Wengi walimlaumu. Akaingia mbio za mita 400, ambazo hazikuwa zake, akazishinda kwa sekunde 47.6. Mwaka uliofuata aliacha sifa zote akaenda Uchina kuwa mmisionari.

Habari hiyo ya Paris wengi wameisikia. Lakini iko nyingine. Wakati wa vita, mwaka 1943, Wajapani walimfunga pamoja na wageni wengi katika kambi ya Weihsien. Mlikuwa na watoto wengi humo, na baadhi yao walikuwa mbali na baba na mama. Liddell aliwafundisha na kuwapangia michezo, lakini si siku ya Jumapili. Siku moja ya Jumapili watoto wakacheza mpira wa magongo peke yao, na mchezo ukaisha kwa kupigana. Baada ya hapo Liddell alitoka, akaenda uwanjani siku ya Jumapili, akawa refa wao. Alikufa kambini Februari 1945, kabla ya kufunguliwa.

Je, alikuwa amebadili imani yake? Mimi sioni hivyo. Kule Paris alikuwa akiulizwa juu ya taji lake mwenyewe, akasema taji hilo si kubwa kuliko Bwana. Kule kambini aliona watoto waliofungwa, wasio na wazazi, wasio na kitu. Kwao mpira haukuwa taji. Ulikuwa ni pumzi. Mtu aliyeweza kukataa mashindano ya ulimwengu mzima hakuweza kuwakatalia watoto mchezo. Alijua tofauti, na alijua kwa sababu aliwapenda.

Uwanja wetu

Wapenzi wasikilizaji, nasi je? Mwezi wa Januari mwaka 2015, watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road, jijini Nairobi, walirudi shuleni wakakuta ukuta umejengwa katika uwanja wao wa kuchezea. Watu walitaka kuuchukua. Watoto wakaandamana, na polisi wakawatupia hewa ya machozi wakiwa wamevaa sare za shule. Baadaye uwanja ulirudishwa. Lakini ni viwanja vingapi havikuwa na watoto wa kuvilia?

Ni rahisi kuwalaumu wanyakuzi. Sasa nataka tutazame nyumbani kwetu. Makanisa yetu mengi yana ardhi, na katika mitaa mingine uwanja wa kanisa ndio mahali pa wazi palipobaki. Tumepafanyia nini? Pengine tumepatia kufuli kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi. Pengine tumejenga maduka ya kukodisha. Pengine tumeandika ubao getini: "Watoto wasicheze hapa."

Wazee wa kanisa, nawasihi kwa heshima, mkikutana katika baraza lijalo lizungumzeni jambo hili. Fungueni lango Jumamosi alasiri. Wekeni mama mmoja au mzee mmoja wa kuangalia, asiwaamuru watoto, awalinde tu. Watoto wapewe mahali pa kucheza, wasichana sawasawa na wavulana. Jioni wavu ufungwe, akina baba na akina mama waburudike. Ninyi walimu mlio washiriki, kirudisheni kile kipindi kilicho katika ratiba. Na kama yuko kijana mwenye kipaji, asaidiwe aende mbali katika mashindano, lakini aende na umri wake wa kweli na damu yake safi.

Na wewe mzazi, leo jioni mtoto wako akitoka nje na mpira wake wa matambara, usimwulize ameshinda mangapi. Mwulize, "Umecheza vizuri na wenzako?"

Na tuombe. Ee Bwana, uliyetuumba mwili na roho, utufundishe kuitunza miili yetu bila kuiabudu. Uwape watoto wetu njia za kuchezea zisizo na hofu. Uwape waliochoka pumziko, na wanaoshindana uaminifu. Nasi utupe moyo wa kufungua milango tuliyoifunga. Amina.